Vijipicha vya Bi Pazia

Kabla hajaitwa Bi Pazia, aliitwa Mdomo Wazi, na aliyempa jina hilo ni baba yake mzazi. Alikuwa mtoto wa kusahau. Akitumwa chumvi dukani, atasimama njiani kutazama ukuta uliobanduka chokaa, mdomo wazi, mpaka mama yake amfuate na ufagio mkononi.

"Unaangalia nini wewe?"

"Jogoo," anajibu.

Na kweli, ukisimama pale pale aliposimama yeye, lile doa la ukutani lilikuwa jogoo mzima, mdomo, mkia na yote. Mama yake alimwona yule jogoo, akacheka, kisha akamwambia chumvi haijileti yenyewe.

Alipofika miaka kumi na sita shule ilikuwa imemshinda. Cherehani nayo ikamshinda; fundi alimrudisha nyumbani kwa adabu zote baada ya kuona ameshona mkono wa shati ukaingia mfukoni. Baba yake akashika tama siku mbili. Siku ya tatu akamchukua akampeleka kwa dada yake, mwanamke mpana, mcheshi, aliyekuwa akisumbuliwa na kiuno na anatafuta mtu wa kumsaidia kazi.

"Dada, nimekuletea mtu," baba alisema pale mlangoni. "Mikono yake mizima, macho yake mazima. Kilicho katikati ndicho sikijui."

Shangazi akacheka mpaka akakohoa. "Mwache hapa. Cha katikati tutakitafuta."

Shangazi alikuwa mchoraji wa mapazia. Siku zile, mtu akitaka picha ya maana, ya kupeleka kwa wazazi au kutundika sebuleni, alikwenda studio akasimama mbele ya kitambaa kikubwa kilichochorwa bustani, au ngazi za jumba, au ziwa lenye mlima nyuma yake. Kitambaa hicho ndicho walichokiita pazia. Mtu ambaye maisha yake yote hajapanda ngazi zaidi ya tatu, kwenye picha alitoka kama mwenye jumba lenyewe.

Studio ilikuwa na chumba cha mbele chenye kioo, kitana kilichofungwa kamba ili kisiondoke na mtu, na koti moja na tai mbili kwa wanaume waliokuja bila. Chumba cha kati kilikuwa na taa, pazia, kigoda na kamera kubwa ya miguu mitatu. Pembeni palikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha. Nyuma kabisa, chini ya paa la bati, palikuwa na ghala refu, na humo ndimo Shangazi alimochora. Mwenye studio alikuwa mpiga picha mrefu, mkondefu, ambaye watu walimwita Tabasamu, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolitamka kutwa nzima kutoka chini ya kitambaa cheusi cha kamera. Meno yake mwenyewe hakuna aliyewahi kuyaona. "Tabasamu!" atasema, na uso wake kama wa mtu aliyekuja mazikoni.

Msichana alidhani siku ya kwanza atapewa burashi. Thubutu! Shangazi alichukua boksi tupu la karatasi za picha, akalikata vipande vidogo, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, akampa na penseli nene ya seremala. Karibu na dirisha palikuwa na kiti kilichotundikwa koti.

"Kichore kile kiti."

Msichana akainama. Alichora vifungo vya koti vyote vinne, akachora mshono wa mfukoni, akachora na mistari ya mbao. Alijiona amefanya kazi. Shangazi alikitazama kile kipande, akakigeuza, akakitazama tena.

"Nilikutuma ukahesabu vifungo?"

"Hapana, shangazi."

"Finya macho. Finya, kama mtu aliyeingiwa na moshi. Haya. Unaviona vifungo?"

"Sivioni."

"Unaona nini?"

"Naona... penye giza. Na penye mwanga."

"Giza lina mabaka mangapi?"

"Mawili. Kiti na kivuli chake." Akafinya zaidi. "Hapana, ni moja. Koti limeshikana na kivuli, na kivuli kimeshikana na miguu ya kiti. Ni baka moja tu, refu, limepinda."

"Basi chora hilo moja," alisema Shangazi, akarudi kwenye pazia lake.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Alichora makopo, alichora mlango wa ghala, alichora paka wa jirani aliyelala nusu juani nusu kivulini, na kila alichokichora kilikuwa kidogo kama kiberiti na chenye vitu viwili tu, penseli palipo na giza na karatasi tupu palipo na mwanga. Shangazi aliviita vijipicha. Msichana alizoea kufinya macho kiasi kwamba alifinya hata mezani, hata njiani. Mama yake alipokuja kumjulia hali, alimshika kidevu akamgeuza kwenye mwanga.

"Wifi, mtoto amepatwa na nini machoni?"

"Anajifunza kuona," Shangazi alijibu.

"Kwa kuyafumba?"

Shangazi mwenyewe hakuanza pazia lolote bila vijipicha tisa. Alivibandika ukutani kwa uji wa unga, akajikongoja na kiuno chake mpaka mwisho wa ghala, akavitazama kutoka huko. Kilichosomeka kwa mbali kilibaki. Kilichogeuka uji kilibanduliwa. Vyote hata hivyo, vizuri na vibaya, alivihifadhi ndani ya kopo la biskuti, na kopo lile lilikuwa limejaa hata kifuniko hakifungi vizuri.

Msichana aliheshimu yote hayo kwa mdomo tu. Moyoni alikuwa na rangi. Rafu nzima ilikuwa na makopo, nyekundu ya matofali, kijani cha jani, buluu, manjano iliyokoza kama kiini cha yai, na yeye anachezeshwa penseli! Alijiambia kwamba vijipicha ni ubahili wa watu wazima. Alingoja siku yake.

Siku ikaja mwaka wa pili. Mdogo wake Shangazi, aliyeolewa mbali, alijifungua mapacha akaugua, na Shangazi ikabidi aende kumuuguza. Alisema atakaa wiki mbili, akakaa miezi miwili. Huku nyuma pazia la studio lilikuwa limechakaa, rangi imepasuka pale migongo ya watu ilipozoea kuegemea, na msimu wa harusi umebisha hodi.

Tabasamu alikuja ghalani akasimama mlangoni.

"Utaweza?"

"Nitaweza."

"Bila shangazi yako?"

"Bila."

Alichora bustani. Kijipicha alitengeneza kimoja, cha kutuliza dhamiri tu, hata hakukitazama mara ya pili. Kisha akafungua makopo yote. Ua wa majani mabichi kuanzia upande huu mpaka ule, maua mekundu juu yake kama mia mbili hivi, kila ua na petali zake. Bwawa la buluu. Mbingu ya manjano inayogeukia waridi. Wiki tatu alifanya kazi akiimba. Msusi wa duka la jirani alikuja kuona, akarudi kuwaita wateja wake, nao wakaja na vichwa vilivyosukwa nusu. "Haya maua utadhani yananukia," walisema. Tabasamu alisimama mbele ya lile pazia kwa muda mrefu, akasema, "Hm." Msichana alilichukua lile "hm" kama sifa, akatembea nalo kutwa nzima.

Jumamosi wakaja wa kwanza, bwana harusi na bibi harusi. Bwana alikuwa dereva wa lori, mweusi wa kupendeza, ndani ya suti nyeusi. Bibi alikuwa na gauni jeupe na shela ndefu. Wakasimama mbele ya bustani, Tabasamu akaingia chini ya kitambaa chake, akatamka neno lake, taa zikawaka, kazi ikaisha.

Jumatatu walikuja kuchukua picha wakiwa na mama yake bwana harusi. Msichana alikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha kati, amejibana, anasubiri kusikia wanavyosifia maua.

Mama aliipokea picha. Aliitazama. Aliigeuza nyuma kama mtu anayetafuta iliyobaki. Akaitazama tena.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Huyo hapo, mama," alisema Tabasamu. "Pembeni ya mkewe."

"Wapi?"

"Hapo."

"Hapa naona kola. Naona mikono miwili ya shati. Mwanangu mimi nilimzaa na kichwa, baba."

Bwana harusi mwenyewe aliinama kujitafuta. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuumiza msichana kuliko yote. Mbele ya kamera, kile kijani chake kizuri kilikuwa kimekuwa giza tupu, na giza likammeza bwana harusi, suti, nywele na mashavu. Bibi naye shela yake ilikuwa imeyeyuka kwenye mbingu ya manjano, kama sukari kwenye chai ya moto. Na yale maua mia mbili? Hayakuwepo. Nyekundu na kijani zilitoka rangi moja ya masizi, na bustani nzima ilikuwa kama uji uliomwagika.

"Taa moja ilizimika, mama," alisema Tabasamu taratibu. "Kosa ni langu. Rudini Jumamosi na nguo zenu, nitawapiga upya."

Walipoondoka alimwita. Hakupandisha sauti, alitundika tu ile picha kwa pini pembeni ya pazia, vikawa bega kwa bega.

"Nionyeshe maua."

"Hayapo."

"Kamera yangu haijui nyekundu, haijui kijani. Inajua mwanga umeangukia wapi na giza limelala wapi, basi. Shangazi yako hakuwahi kukuambia?"

"Aliniambia kila siku," alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Jioni ile hakulia tena. Kesho yake asubuhi alilitoa lile kopo la biskuti, akamimina vijipicha vyote sakafuni, akavipanga safu kwa safu mpaka akakosa pa kukanyaga. Mapazia yote ya miaka yote yalikuwa pale. Hili ziwa, zile ngazi, ile bustani ya zamani. Alipanda juu ya kigoda, akafinya macho, na kwa mara ya kwanza hakuona ziwa wala ngazi. Aliona kwamba kila alipochora Shangazi, mahali vichwa vya watu vitakapofika paliachwa na mwanga. Mara ni anga, mara ni ukuta, mara ni ukungu wa mlimani, lakini mwanga uko pale, umeachwa makusudi kama nafasi ya mgeni mezani.

Akachukua penseli. Kijipicha cha kwanza kilikuwa na miti na ngazi na nguzo. Hapana. Cha kumi kilikuwa na miti tu. Hapana. Alivibandika, akaenda mwisho wa ghala, akarudi, akabandua. Siku ya pili aliacha kujiuliza achore nini, akajiuliza wale watu wawili wanahitaji nini. Mwanamume yule mweusi ndani ya suti nyeusi alihitaji mwanga nyuma yake. Mwanamke ndani ya gauni jeupe alihitaji giza nyuma yake. Kwa hiyo mabaka mawili, basi: kushoto giza, kulia mwanga. Akayachora, hata hayajawa kitu chochote. Akaenda mwisho wa ghala akageuka, na kile kipande cha boksi, kidogo kama kiberiti, kilimwita kutoka kule kama mtu anayepunga mkono.

Sasa hayo mabaka ni nini? Yangeweza kuwa chochote. Aliwaza jabali na anga, akawaza mti na uwanja. Mwishowe akaamua kuwa ni ukuta wa ndani ulio kivulini, na mlango uliofunguliwa wazi, jua linaingia.

Kilikuwa kijipicha cha arobaini na moja.

Aliipaka chokaa bustani yake yote. Msusi alikuja akakuta maua yanazama, akashika kichwa. "Hivi una akili wewe?" Msichana alichanganya rangi mbili tu, chokaa iliyotiwa tone la weusi na weusi uliotiwa tone la hudhurungi, na kikopo kidogo cha rangi ya kati kwa ajili ya kingo za mlango. Ijumaa mchana pazia lilikuwa linakauka.

Jumamosi Tabasamu alilitazama, akafinya macho naye, kisha akasogeza kigoda. Bibi harusi akamweka kushoto, bwana kulia. Baadaye alimruhusu msichana kuingia chumba cha giza. Chini ya taa nyekundu ya humo aliiona karatasi ikilala ndani ya maji ya dawa, tupu, na polepole suti ikaanza kuja. Ikaja bega, ikaja shingo, na mlango ukabaki mweupe kote kuzunguka kile kichwa, mviringo wake, masikio yake, kila kitu mahali pake. Upande wa pili gauni lilibaki likiwaka kwenye giza la ukuta.

Mama yake bwana harusi aliipokea kwa mikono miwili. Alipitisha kidole juu ya picha.

"Masikio ya baba yake haya," alisema. "Na mwanangu hata hakuwahi kumwona baba yake."

Shangazi aliporudi alikuta pazia limeshatundikwa. Alienda mwisho wa chumba, akafinya macho, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Vijipicha vingapi?"

"Arobaini na kimoja."

"Mimi ningeishia ishirini. Na huo mlango nisingeupata."



Pazia la mlango lilitundikwa miaka kumi na moja. Wauguzi waliofuzu, mabibi na mabwana harusi, watoto wa mwaka mmoja waliokalishwa juu ya mto, askari wanaohama, mapacha wa yule mdogo wake Shangazi, wote walisimama pale. Watu waliokuja studio walisema, "Tunataka pale mlangoni," kana kwamba ni mlango wa kweli. Wengine waliuliza unatokea wapi. Na yule aliyeuchora, ambaye wakati huo ameshakuwa mwanamke mzima, jina la Mdomo Wazi likamfia taratibu, watu wakawa wanamwita Bi Pazia.

Aliolewa na karani wa posta, mtu wa mzaha kutwa. "Mke wangu akinifinyia macho najua ananitafuta umbo," aliwaambia rafiki zake. "Na umbo lenyewe ndilo hili!" Akajipigapiga tumbo. Walipata binti mmoja. Shangazi alimpenda mtoto yule kupita kiasi, akawa anamkalisha ghalani juu ya vitambaa na kumpa penseli ya seremala aitafune.

Kisha filamu za rangi zikaingia. Mwanzoni watu wachache, mara wote. Nani tena alitaka mlango mweusi na mweupe? Walitaka kitambaa cha buluu tupu, kilichonunuliwa dukani, ili nguo zao zionekane. Tabasamu alijikaza mwaka mmoja, miwili, kisha akauza kamera yake ya miguu mitatu kwa mtu aliyetaka kuiweka hotelini kama pambo, akahamia kwa mwanawe. Siku ya kufunga alimpa Bi Pazia mkono. Pazia la mlango lilikuwa limechanika katikati. Likapotea hivyo hivyo, hakuna aliyejua nani alilichukua.

Shangazi alifariki kipindi hicho hicho, mwezi wa mvua. Bi Pazia alipofika ndugu walikuwa wameshasafisha chumba, kwa nia njema kabisa. Kopo la biskuti lilikuwa zuri bado, kwa hiyo mtu mmoja alilichukua la kuwekea nyuzi. Yale makaratasi ya ndani? Yalichomwa na takataka. "Vilikuwa vipande vya maboksi tu," walimwambia, na kweli vilikuwa vipande vya maboksi.

Akaingia kazi ya dobi hospitalini, akafua shuka miaka ishirini na nne. Ilikuwa kazi ya mvuke na kelele, na aliipenda kwa sababu ya rafiki mmoja, mwanamke wa maneno mengi waliyemwita Sabuni, aliyeweza kuongea kuanzia shuka la kwanza mpaka la mia bila kumeza mate. Kuchora hakuchora. Akiulizwa alisema muda hana. Mume wake hakuuliza mara mbili, alijua. Siku moja tu, walipokuwa wamekaa barazani, alimwambia, "Mikono yako inachora hata ukimenya vitunguu," na yeye akajifanya hakusikia.

Mume alitangulia. Bi Pazia akastaafu. Nyumba ikawa kubwa. Binti yake, mwalimu, aliona mama anazidi kunyamaza, akamletea zawadi, boksi kubwa la rangi arobaini, burashi za kila aina, na vitambaa vilivyokwisha kuwambwa kwenye fremu. Alirudi baada ya wiki kuona maendeleo. Rangi zilikuwa zimepangwa rafuni, hazijafunguliwa hata moja. Boksi lenyewe ndilo lililokuwa limekatwakatwa vipande vya ukubwa wa kiberiti, na mama yake amekaa dirishani na penseli.

"Mama! Nimekununulia rangi arobaini, unachora kwenye boksi?"

"Boksi zuri hili," alisema Bi Pazia. "Gumu."

Alichokuwa akikitafuta hakumwambia. Ilikuwa hivi. Shangazi alifanya kazi studio miaka thelathini, na hakupigwa picha hata siku moja. Kila alipoambiwa akae alisema atakaa kiuno kikipoa. Tabasamu alimtania, akamsihi, akashindwa. Kwa hiyo mwanamke aliyewapa watu wote mahali pa kusimama, yeye hakuwa na picha popote. Sasa Bi Pazia alikuwa mzee kuliko Shangazi alivyokuwa, na asubuhi moja aliamka akagundua pua yake haikumbuki. Ilikuwa pana? Ilikuwa fupi? Alifumba macho, akaitafuta, haikuja. Ulimjia woga kama wa mtu aliyepoteza mtoto sokoni.

Ndipo alipochukua penseli. Pua aliiacha. Aliuchora mwanga wa dirisha la ghala, kwa sababu huo aliujua. Mbele yake akaweka giza la Shangazi, amesimama, uzito wote kwenye mguu mmoja, mkono wa kushoto umeshika kiuno, wa kulia umeinuka na burashi. Ile ya kwanza haikuwa yeye. Ya saba haikuwa yeye. Kila siku baada ya chai alikaa dirishani akachora viwili au vitatu, akavibandika juu ya kabati, akaenda mpaka mlangoni akavitazama. Vingine vilikuwa mwanamke yeyote tu. Akaanza kukumbuka mambo ambayo hakujua anayo: kwamba bega moja lilikuwa chini kuliko lingine, kwamba kitambaa cha kichwani alikifunga kwa nyuma kikaning'inia, na kwamba giza la gauni lake lilishikana na giza la pazia mbele yake, hujui wapi mtu anaishia na kazi inaanza. Hilo la mwisho ndilo lililofungua njia. Aliacha kuvitenganisha. Akaviacha vishikane, baka moja refu, limepinda, na mwanga wa dirisha ukiingia kati ya mkono na kiuno kwa kitundu kidogo chenye pembe tatu.

Akaenda mlangoni. Akageuka. Akakaa chini kwenye kizingiti pale pale, kwa sababu Shangazi alikuwa juu ya kabati.

Hicho alikihamishia kwenye kitambaa kikubwa, na hapo ndipo aliporuhusu rangi, chache, zikae ndani ya mabaka yake bila kuyavunja. Uso aliuacha kivulini. Ilimchukua mwezi.

Binti alikuja Jumapili moja, mikoba mikono yote miwili. Alifika mlangoni akasimama. Alikuwa na miaka mitano Shangazi alipofariki, na mama yake hakuwa amemdokezea kitu.

"Mama," alisema, "bibi kiuno kilikuwa kinamuuma, eh?"

"Umemkumbuka?"

"Uso sikuukumbuka kamwe. Lakini huyu ni yeye." Akaweka mikoba chini. "Alikuwa akinipa penseli."

Walikaa wawili mbele ya ile picha mpaka mchana ukapita, binti akiuliza na mama akisimulia, habari za Tabasamu, za kitana kilichofungwa kamba, za bwana harusi aliyepotea kwenye bustani. Binti alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Kisha akauliza, kwa upole, kama ni kweli vijipicha vyote vilichomwa, na Bi Pazia akasema ni kweli, na kwamba alikasirika miaka mingi, na kwamba hasira yenyewe hajui imeishia wapi.

Habari haikai ndani ya nyumba. Sabuni alisikia, akapanda ngazi na magoti yake mabovu, akahema, akaitazama picha akiwa ameshika ukuta.

"Nzuri. Sasa nichore na mimi. Ila mimi nitie macho, nitie na meno yangu haya ya mbele, nimeyalipia."

"Kwanza kaa tulia nikuone."

"Mimi nimetulia."

Hajatulia mpaka leo. Kila Jumatano anakuja, anakaa kwenye kiti cha dirishani, anaanza na habari za mkwe wake, na kabla Bi Pazia hajamaliza baka la kwanza, mkono umehama, kichwa kimegeuka, mwanga umeangukia kwingine. Vijipicha vimefika ishirini na sita, na kila kimoja ni mwanamke mwingine. Jumatano iliyopita Sabuni aliinuka kuja kuvikagua, akavipitia kimoja kimoja akiwa ameviweka karibu na pua.

"Mimi hapa sioni kitu. Naona madoa."

"Rudi nyuma. Rudi mpaka kwenye friji. Haya, finya macho."

Sabuni akarudi mpaka kwenye friji, akafinya. Kwa mara ya kwanza tangu waanze kufahamiana, akanyamaza.

"Huyo wa tatu kutoka mwisho," alisema hatimaye. "Huyo ni mimi, namsema mtu."

Bi Pazia alikibandua kile cha tatu kutoka mwisho, akaandika nyuma yake siku na mwezi, akachukua kitambaa kikubwa kilichobaki kwenye rafu.